Je, Imani Hufundishwa?

Kila Jumapili katika Misa twasimama na kuungama kwamba twaliamini Kanisa lililo moja, takatifu, katoliki na la mitume. Pengine mgeni aliyekaa benchi la nyuma hulisikia neno hilo "katoliki" akashtuka, akadhani kwamba amekosea mlango. Hakukosea. Neno hilo latoka katika Kiyunani, na maana yake ni kitu kilicho kizima, kilicho cha wote na cha mahali pote. Imani katoliki ni imani nzima, si kipande chake. Tena ni ya watu wote, si ya ukoo mmoja wala ya taifa moja.

Lakini imani hiyo ya mahali pote ilitufikaje sisi, hapa petu chini ya milima ya Usambara? Tukiulizana tutaona kwamba ni wachache sana walioipokea kwanza kwa askofu au kwa padre. Padre alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, naye alifika kwetu mara moja kwa mwezi, mvua zikimruhusu. Wengi tuliipokea kwa mtu aliyekuwa na shamba la mihogo na michungwa michache kama wazazi wetu, aliyegonga kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni saa kumi jioni, na ambaye sisi watoto tulimwamkia "Shikamoo, Mwalimu", ingawa hakuwa na cheti cha ualimu. Huyo ndiye katekista.

Katika kurasa hizi twataka kuuliza swali moja juu ya mtu huyo, swali ambalo limetusumbua tangu tulipostaafu kazi ya shule. Kanisa hutufundisha kwamba imani ni kipawa cha Mungu. Basi, kama ni kipawa cha Mungu, katekista anafanya kazi gani? Je, mwanadamu aweza kumpa mwanadamu mwenzake imani? Na kama hawezi, kwa nini kila palipo na Kanisa pana katekista?

Maana ya jina lake

Jina katekista nalo ni la Kiyunani. Latokana na neno lenye maana ya kuvumisha sauti masikioni mwa mtu, na wengi wamelifananisha na mwangwi, sauti irudivyo mtu apigapo kelele bondeni. Mtakatifu Luka alilitumia neno hilo mwanzoni mwa Injili yake, alipomwandikia Theofilo kuhusu mambo ambayo alikwisha kufundishwa.

Mwangwi hautungi maneno yake wenyewe. Ukisikia mwangwi umesema neno ambalo wewe hukulisema, ujue kwamba pana mtu mwingine bondeni. Hali kadhalika katekista hatungi imani. Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorintho jambo hili mara mbili, mara moja juu ya Karamu ya Bwana na mara ya pili juu ya ufufuo wake: yale aliyowapa wao, alikuwa ameyapokea yeye kwanza. Hakujisifu kwamba ameleta jambo jipya. Alijiona kama mtu aliyetumwa na mzigo wa mwenyewe.

Hapa ndipo kazi ya katekista inapotofautiana na ile tuliyoifanya sisi miaka yote shuleni. Mwalimu wa hesabu humwonyesha mtoto njia, na mtoto akiisha kuielewa hamhitaji tena mwalimu. Hata akimchukia, mbili na mbili ni nne. Lakini katekista hamletei mtoto hesabu, humletea habari za Mtu. Na habari za mtu hupokewa kwa kumsadiki yule anayezileta. Kwa hiyo katekista yu karibu zaidi na shahidi barazani kuliko mwalimu ubaoni. Shahidi hawezi kuuingiza uhakika moyoni mwa hakimu kwa mkono wake. Hata hivyo pasipo shahidi hakimu hana la kusadiki.

Mungu angeweza kumfunulia yule towashi wa Kushi maana ya chuo cha Isaya pale pale garini. Badala yake alimtuma Filipo akimbie kando ya gari na kumwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Imani alitoa Mungu, lakini mbio alipiga Filipo. Nadhani wasomaji wataona kwamba nusu ya jibu la swali letu imo katika habari hiyo. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na kabla ya kuifikia yafaa tukumbuke jinsi imani ilivyofika nchini mwetu.

Jinsi tulivyopokea

Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia Unguja Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Huko alikabidhiwa na Sultani watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyeokolewa utumwani, Cecil Majaliwa, alipewa upadre mwaka 1890, akawa wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni ile. Siku ya Noeli mwaka 1873 liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko la kuuzia watu. Huku bara, kazi ilikwisha kuanza Magila, na mwaka 1876 Askofu Steere aliwaongoza watu waliokombolewa mpaka Masasi.

Lakini maaskofu na mapadre walikuwa wachache, na vijiji vilikuwa vingi. Ndiyo sababu palikuwapo Chuo cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani, Unguja, walikofundishwa vijana waliopelekwa vijijini. Kijana wa namna hiyo alipofika kijijini aliitwa mwalimu, basi. Asubuhi alifundisha kusoma na kuandika, jioni alifundisha sala na Amri, na Jumapili aliongoza ibada. Hapakuwa na mwalimu wa shule na mwalimu wa dini. Alikuwa mtu yule yule, na chaki ile ile.

Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, serikali ya Wajerumani iliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza. Baadhi ya mapadre na walimu Waafrika nao walifungwa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Waliobaki waliendelea kukusanya watu, kusali nao na kufundisha, pasipo fedha na pasipo barua kutoka kwa mtu yeyote. Wamisionari waliporudi walilikuta Kanisa bado lipo. Mwenye kutaka kujua kazi ya katekista ni nini na aitafakari miaka ile.

Kisha kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali yetu ilizichukua shule za misheni, ili watoto wote wa Tanzania wasome pamoja bila kuulizwa dini zao. Lilikuwa jambo jema, wala hatulilaumu. Sisi wenyewe tulisoma na kufundisha katika shule hizo. Lakini lilimgawa mtu mmoja akawa watu wawili. Mwalimu wa shule alibaki na cheti, mshahara na kiinua mgongo. Mwalimu wa dini alibaki na kipande cha reli mwembeni.

Kosa letu

Sisi tulikuwa upande wa mshahara. Tulitoka chuo cha ualimu mwishoni mwa miaka ya 1970, siku zile za Elimu ya Msingi kwa Wote, tukapangiwa shule isiyo mbali na kwetu. Tulikuwa tumejifunza saikolojia ya mtoto. Tulijua kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi na mabua. Katekista wetu alikuwa bado anafundisha vile vile alivyotufundisha sisi: anauliza swali, watoto wanaitikia wote pamoja kwa sauti moja kama wimbo, wakikosea wanarudia.

Tulimcheka. Tulisema anafuga kasuku. Siku moja mwenzetu alikuwa akimwigiza mbele ya duka, kumbe mzee amesimama nyuma yetu na kibaba chake cha chumvi. Hakukasirika. Alisema, "Ni kweli wanangu, ni kasuku. Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini usiku ule alipokufa mama Yohana sikuwa na maneno mengine, niliyasema hayo hayo mpaka kukacha." Kisha akaaga, akaenda zake. Sisi tulinyamaza kwa muda wa kama dakika moja, halafu tukaendelea na mazungumzo yetu.

Hilo lilikuwa kosa la ujana. La pili hatuwezi kuusingizia ujana. Miaka kadhaa baadaye tulichaguliwa kuwa katibu wa halmashauri ya kanisa. Mzee yule alileta ombi: baiskeli yake imechakaa tairi la nyuma, naye ana kanisa dogo la kuhudumia umbali wa maili sita, aliomba mtaa umsaidie tairi na mpira wa ndani. Halmashauri ilisema ombi limepokelewa na litafikiriwa kikao kijacho. Kikao kilichofuata kilikuwa na ajenda ya ukarabati wa nyumba ya padre. Cha tatu kilikuwa cha maandalizi ya Sikukuu ya Mavuno. Mzee hakuuliza tena. Alikwenda kwa miguu, kiangazi na masika, mpaka miguu ilipomkatalia. Hakuna aliyelikataa ombi lake. Katika muhtasari limeandikwa "limepokelewa", na mwandiko ule ni wetu.

Hatusimulii haya ili tuhurumiwe. Twayasimulia kwa sababu jambo hili hutendeka katika mitaa mingi, na hutendwa na watu wema wanaosali.

Swali la mtoto

Tulipostaafu, padre wetu alitufikia nyumbani. Alisema, "Mwalimu, watoto wa Kipaimara hawana wa kuwafundisha. Tunakuomba." Neno la kwanza lililotoka kinywani mwetu lilikuwa kuuliza kama kuna posho ya nauli. Padre alitazama chini, akasema hakuna. Hapo ndipo tulipoikumbuka baiskeli ya mzee. Tulikubali, na kusema kweli tulikubali kwa aibu zaidi kuliko kwa imani.

Watoto walikuwa kumi na wanne. Tuliwafundisha kama tulivyozoea: kadi, picha, maswali ya kupima mwisho wa somo. Baada ya miezi miwili walikuwa wanajua Amri Kumi, Kanuni ya Imani, maana ya sakramenti na mpangilio wa mwaka wa Kanisa. Mkaguzi yeyote angetupa alama nzuri.

Jumamosi moja binti wa miaka kama kumi na mmoja aliinua mkono. "Bibi," aliuliza, "wewe usiku ukiogopa, huwa unasali nini?"

Swali hilo halikuwamo katika andalio la somo. Jibu la kitabuni tulikuwa nalo, na lingekuwa sahihi. Lakini watoto kumi na wanne walikuwa wakitutazama usoni, wala si ubaoni. Basi tulisema kweli: kwamba tangu nyumba yetu ilipofikwa na msiba, sala za kutunga wenyewe zimekuwa zikitushinda, kwamba usiku twasema Baba Yetu peke yake, polepole, na pale panapohusu mapenzi ya Mungu pengine twakwama, tukaanza upya. Watoto walinyamaza kimya. Kisha yule binti akasema, "Mama yangu naye hukwama hapo hapo."

Tulirudi nyumbani tukiwaza. Maneno tuliyokuwa tukisema usiku ni yale tuliyowekewa na yule mzee kwa kuitikia kama kasuku. Sisi tulikuwa tumeyadharau, kumbe wakati zana zetu zote zilipokwisha ni hayo yaliyobaki.

Kwa hiyo twaweza sasa kuijibu nusu ya pili ya swali letu. Watu wa elimu hupenda kubishana kama imani hufundishwa kwa kukaririsha maneno au kwa mfano wa maisha. Sisi twaona kwamba mabishano hayo yamemkata mtu katikati. Maneno bila mtu anayeyaishi ni debe. Lakini naye mtu mwema asiye na maneno ya kumpa mtoto, amempa nini cha kushika yeye mwenyewe atakapokuwa hayupo? Katekista hutoa vyote viwili: humpa mtoto maneno ya Kanisa zima, nayo si yake, tena huyasema mbele ya mtoto kama mtu anayeyahitaji yeye mwenyewe. Kinachobaki, yaani kule kusadiki, ni kazi ya Mungu, wala hakuna mtihani wa kukipima.

Katekista aliyechoka na katekista asiyestahili

Pengine katekista anayesoma haya atasema, "Mnasema vizuri, lakini mimi nimechoka. Nasema yale yale kila mwaka, nao wanapiga miayo." Ndugu, hukuanza wewe. Kiasi cha mwaka 400 shemasi mmoja wa Karthago, mji uliokuwa mahali ambapo leo ni Tunisia, jina lake Deogratias, alimwandikia Mtakatifu Augustino malalamiko hayo hayo. Alisema hotuba zake zamchosha yeye mwenyewe, seuze wasikilizaji. Augustino, naye Mwafrika wa kaskazini, hakumkemea. Alimwandikia kitabu kizima. Alikiri kwamba yeye mwenyewe karibu siku zote haridhiki na mahubiri yake, kwa kuwa kinywa hakiwezi kuufuata moyo. Alimshauri kwamba msikilizaji aliyechoka kusimama apewe kiti. Tena alimkumbusha kwamba tunapomtembeza mgeni mahali tulipopazoea hata hatupaoni tena, furaha yake hutufanya tupaone upya. Ndivyo ilivyo kwa kumfundisha mtoto habari za kale. Kinachohitajiwa ni kumpenda anayetembezwa.

Lakini liko swali gumu zaidi. Itakuwaje kama katekista ni mlevi, au mgomvi nyumbani mwake? Kanisa letu lilikwisha kujibu jambo linalokaribiana na hili katika Vifungu 39 vya Dini, kile cha 26: ubaya wa mhudumu hauzuii neema ya sakramenti, kwa kuwa sakramenti ni za Kristo, si zake. Mtoto aliyebatizwa na padre mwovu amebatizwa kweli kweli.

Wengine hulichukua fundisho hilo kama mwavuli wa kujifunika. Sisi twaona kwamba haliwafuniki kiasi hicho. Maji ya ubatizo hayaulizi habari za mkono unaoyamimina. Mtoto huuliza. Yeye bado hajui kutenganisha neno na mwenye kulisema, na akiona mwalimu wake amelala mtaroni Jumamosi, Jumapili atadhani kwamba na Amri Kumi zimelala mtaroni. Neno la Mungu halikuharibika, lakini mlango wa kuliingilia umezibwa.

Je, basi katekista awe mtu asiye na kosa? La hasha, tusingempata hata mmoja. Sisi twaonaje? Aliyeanguka na aanguke mbele ya Kanisa na kuinuka mbele ya Kanisa. Na asifiche kisha akaendelea kufundisha kama kwamba hakuna kitu. Toba nayo imo katika mafundisho ya dini, na mtoto aliyemwona mtu mzima akitubu amefundishwa somo ambalo hakuna kadi wala picha itakayolieleza.

Mmoja aliyebaki

Upo mfano mmoja ambao yafaa kila katekista wa Kianglikana aujue. Bernard Mizeki alizaliwa Msumbiji kiasi cha mwaka 1861. Akiwa kijana alikwenda Cape Town kutafuta kazi. Huko alifundishwa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohana Mwinjili, akabatizwa mwaka 1886. Mwaka 1891 alifuatana na Askofu Knight-Bruce mpaka nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akawekwa kuwa katekista karibu na kijiji cha chifu Mangwende. Hakuwa padre. Alijenga kibanda, akalima bustani, akajifunza lugha ya Washona, akasali sala zake kila siku kwa saa zake, na akawakusanya watoto kuwafundisha.

Mwaka 1896 wenyeji waliinuka kupigana na wazungu waliowatawala, na mtu yeyote aliyehesabiwa kuwa pamoja nao alikuwa hatarini. Mizeki alionywa akimbilie mahali pa salama. Alikataa, kwa sababu askofu alimweka pale na watu wale walikuwa wamekabidhiwa kwake. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa mwaka huo huo, naye mkewe, Mutwa, alikuwa ana mimba. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni alitolewa nje ya nyumba yake akachomwa mkuki. Mwili wake haukuonekana tena. Kanisa humkumbuka siku hiyo ya 18 Juni, na maelfu ya watu huenda kuhiji mahali alipouawa, karibu na Marondera.

Alipokufa, darasa lake lilikuwa bado dogo. Kama angepimwa kwa hesabu za taarifa ya mwaka, pengine angeonekana hakufaulu. Wala hatusemi kwamba kila katekista auawe. Twasema hivi: Mizeki alibaki, na watu walijua kwamba yale aliyowaambia aliyasadiki. Mzee wetu wa maili sita kwa miguu naye, kwa kiasi chake, alibaki.

Deni letu

Ndugu zetu wa Kanisa la Roma wamelitambua jambo hili kwa njia yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965) uliwasifu makatekista wa nchi za misheni, na mwaka 2021 marehemu Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista kuwa huduma ya walei. Sisi Waanglikana, tuliolelewa na makatekista tangu siku za Magila na Masasi, yatupasa tusiwe nyuma. Twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, wazazi. Katekisimo ya Kitabu cha Sala cha kale huanza kwa kumwuliza mtoto jina lake, na ni nani aliyempa jina hilo. Jibu lamrudisha kwa wazazi wake wa ubatizo, yaani kwa watu wake mwenyewe, kabla ya kufika kwa katekista. Paulo naye, akiisifu imani ya Timotheo, alimtaja kwanza nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Siku hizi twamleta mtoto kwa katekista kama apelekwavyo mtu kinyozi: mchukue, umtengeneze, nitamfuata saa kumi na moja. Mtoto ambaye hajapata kumsikia baba yake akisali atamsadiki katekista vipi?

Pili, halmashauri za kanisa. Kila mtaa na uliweke fungu la katekista katika bajeti kabla ya fungu la mapambo. Hatusemi mshahara mkubwa, kwa maana imani haiuzwi. Lakini ni jambo moja kukataa kuuza, ni jingine kumnyima punda majani kwa kuwa hakuomba. Tairi la baiskeli si ujira, ni adabu.

Tatu, walimu wenzetu wastaafu. Tulilipwa miaka thelathini na zaidi kwa kujua namna ya kusema na watoto. Ujuzi huo haukustaafu siku tuliyopewa barua. Twendeni tukakae na makatekista wetu, si ili kuwasahihisha, bali ili kushika upande mmoja wa mzigo. Tutashangaa jinsi tutakavyofundishwa.

Darasa letu hukutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, penye kivuli cha kanisa. Mwaka huu watoto ni kumi na tisa, na yule binti aliyetuuliza swali amekwisha kupata Kipaimara. Sasa hutusaidia kuwasomea wadogo. Sisi nasi twazidi kuyasema maneno yale usiku, na mara nyingine twapita pale pa kukwama mpaka mwisho.

Wajumbe wa halmashauri, tunajua kwamba kikao kinachokuja kina ombi kutoka kwa katekista wa kanisa letu la mlimani. Twawasihi, jambo hilo lisiishie kuandikwa kwamba limepokelewa.